Mla Jana

Husema watu: mla ni mla leo,
mla jana kala nini?
Niulizeni mimi.

Kila Jumatatu, kabla kengele ya kanisa haijalia,
vitambaa vya meza vya mji mzima
hutupwa mlangoni pangu kwa magunia,
vinanuka kitunguu saumu, divai na mwani.
Navitandaza chini ya taa. Nasoma.

Hiki cha Obdulia, pale gatini:
mafuta mekundu ya pilipili tamu.
Pweza huyo, aliliwa kwa vijiti,
watu wanne, labda watano,
na mtoto mmoja aliyejifuta vidole kwenye pindo
akidhani hakuna atakayejua.
Najua, mwanangu. Una vidole vidogo, na una haraka.

Hivi vya Xurxo, chini ya mnara wa taa.
Wino wa ngisi. Kila wiki wino wa ngisi!
Nilimwambia, Xurxo, tandika karatasi,
akanijibu ngisi wake si viazi vya sokoni.
Basi nasugua: chumvi, siki, maji baridi,
na matusi mawili niliyorithi kwa bibi,
ambayo nayo husaidia.

Hoteli mpya, ile ya vioo,
vitambaa vyake hurudi karibu kama vilivyokwenda.
Tone moja la mchuzi, limekaa katikati kwa adabu.
Sijui watu wale wanakula
au wanakitazama tu chakula mpaka kipoe.

Kwa Ermitas, kwenye kichochoro cha wauza nyavu,
ndiko nilikokuwa nikisoma polepole.
Meza sita. Supu ya maharage na kabichi,
kome, mkate wa mahindi, basi.
Divai ya huko ilimwagika kwa kicheko,
naijua kwa umbo lake: ya ugomvi huruka mbali,
ya kicheko hufanya ziwa.
Halafu, tangu Oktoba, maziwa yakaanza kukauka.
Vitambaa sita, vitano, vitatu.
Wiki moja, kimoja tu,
chenye chembe za mkate upande mmoja
na alama za viwiko viwili.
Viwiko vya Ermitas. Vya nani tena?

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, mvua ikimchapa,
sufuria mikononi, imefunikwa kwa taulo.
"Usinidai," alisema, "ndiyo ya mwisho."
Sikuwa nimemdai.

Miaka ishirini na miwili nimefulia meza za watu
na sijawahi kuketi kwenye hata moja.
Mimi hula nimesimama, sahani juu ya mashine,
ikitetemeka pamoja nami.
Siku hiyo tulisogeza pasi,
tukatandika kitambaa chake palepale,
tukala kome kwa mikono, kimya,
makombe tu yakilia ndani ya beseni.
Kisha akasema jambo kuhusu mume wa Obdulia
ambalo siwezi kuliandika hapa,
nikacheka, na glasi ikaenda.

Ziwa, kabisa.

Nilikifua Jumanne, kama vingine vyote;
kazi ni kazi.
Doa halikutoka lote.
Sikusugua mara ya pili.