Macho ya Kisogoni

Usukani sishiki mimi. Nasimama juu ya paa,
tuko arobaini hapa, darubini shingoni,
kila mtu na gari lake, kila mtu na redio yake.
Jua la Alabama linatukaanga kama bamia.
Huko chini Royce kafungwa mikanda,
shingo haigeuki, kofia imembana masikio,
kwa hiyo macho ya kisogoni mwake ni mimi.

"Nje. Bado nje. Mlangoni. Pua tu. Umepita."

Nimeyasema haya tangu saa saba mchana
mpaka ulimi umekauka kama gome.
Magari yanazunguka chanda na pete,
bamba la huyu linasukuma mkia wa yule,
kwenye kona ambako lami imeinuliwa
hivi kwamba kwa miguu huipandi bila kutambaa.
Yakikaribia, nayasikia kwanza magotini.

Dada yangu Verna hajawahi kuja, hata mara moja.
Jumapili kama hii hufagia ua alioufagia jana,
televisheni kaizima, simu kaifudikiza mezani.
"Wewe ndiye unayeona," aliniambia. "Basi mwone."

Bado mzunguko mmoja na nusu.
"Ndani. Ndani bado. Wawili ndani, wa—"

Gari la kijani liliyumba kidogo tu,
kama mlevi anayetafuta funguo mfukoni,
kisha vyote vikawa moshi,
na moshi hauna namba ubavuni.

"Royce."
Nyasi za katikati zimelimwa. Tairi moja
linajiendea peke yake, halina haraka.
"Royce, nijibu."
Watu wote hawa, na nasikia bendera ikipigwa na upepo.

Nilikuwa na neno kwa kila inchi ya gari lile.
Sasa nina jina tu, nalo halipokelewi.

Halafu nikauona: wavu wa dirishani,
mweusi, umejaa vumbi, ukalegea upande mmoja,
ukaning'inia,
ukaanguka. Mkono wenye glavu ukatoka,
ukapapasa mlango kama unatafuta kitasa
mahali ambapo hakijawahi kuwepo kitasa.

Redio ikakohoa.
"Mama mdogo. Nani kashinda?"

Sijui, nikamwambia. Mimi nilikuwa naangalia dirisha.
Toka humo. Mpigie mama yako.