Ukucha Mmoja

Gotthilf aliniuzia sungura watatu,
majike wawili na dume, buluu tupu,
nambari masikioni, ukoo wao karatasini
hadi babu wa babu. Wangu siujui kufika huko.
“Usiwape majina,” akaonya. Nikawapa usiku uleule.

Miezi saba ya nyasi kavu, brashi,
na kuvunja barafu kwenye maji yao.
Januari, ukumbi wa Annaberg:
jaji akampindua Hulda chali,
akapuliza manyoya hadi ngozi ikaonekana,
akahesabu kucha.
Akarudia mguu wa nyuma.

Mmoja mweupe.
“Hafai,” akaandika, kwa mwandiko mzuri sana.

Gotthilf alicheka hadi akakohoa.
“Mimi, wa kwanza nilimwandikisha dume.
Akazaa palepale, mezani.”