Tiketi ya Septemba

Wakala wa Mtaa wa Samora kanigeuzia kioo cha kompyuta:
"Bangkok, dada, nenda Desemba. Jua la adabu,
upepo kama wa Lushoto alfajiri."
Desemba! Nikacheka hadi bangili zikagonga meza.
Desemba nani atakaa dukani, Mtaa wa Aggrey,
wakati Dar nzima inataka gauni la sikukuu?

"Basi Januari, bado kipupwe chao."
Januari ina ada ya Khairat na ya Mbwana,
na kodi ya fremu, miezi sita, kwa mkupuo.

"Aprili..." Akaguna mwenyewe. "Aprili kule tanuri."
Na huku Aprili Jangwani pamefungwa;
nimewahi kuvushwa pale mgongoni kwa elfu mbili,
viatu mkononi, kitabu cha madeni nimekiuma.

Nikauliza: mwezi gani bei inashuka?
Akasita, kama daktari mwenye majibu.
"Septemba. Lakini mvua, dada. Barabara zinageuka mito."

Nikamtazama.

Mimi wa Kigogo, niliyelala juu ya kabati
na majora matatu ya vitenge,
godoro likielea chini yangu kama halinijui,
ndiye unanitisha kwa maji?

Andika Septemba.
Nitafungia pesa kwenye nailoni, nitakunja suruali,
nitapapasa vitambaa huku mvua ya ugenini
ikipiga bati la soko, ikiniuliza,
kwa lugha ninayoijua,
kama nyumbani wameanua nguo.