Mgeni wa Ini

Saa moja asubuhi, Loleza bado kajifunika ukungu,
nafungua maabara, nawasha hita,
nawatoa panya mmoja mmoja kwa shina la mkia
kama alivyonifundisha Daktari Mwakibete:
usimbane, na usimpe jina, mpe namba.

Kumi na Nne, wa mwisho kwenye orodha, ana doa la wino sikioni.
Namwingiza kwenye chumba cha kioo, kidogo kama sanduku la redio,
nafunga komeo, nafungua vali.
Toluini haina rangi. Inaingia kama salamu.
Harufu yake ningeiita tamu, kama nisingeijua.

Panya hupumua mara mia kwa dakika,
na pua haina mlango.
Kabla sijamaliza kuandika saa kwenye daftari
hewa imekwisha kuwa damu,
na damu imekwisha kubisha hodi penye mafuta,
maana toluini hufuata mafuta kama sisimizi na sukari,
na ubongo, jamani, ni mafuta yaliyojaliwa kufikiri.
Kumi na Nne anayumba. Anasugua pua. Analala ubavu.
Natia alama ya vema kwenye safu ya "kuyumba".

Sehemu hutoka na pumzi vilevile ilivyoingia.
Iliyobaki hufika kwa ini.

Nataka kulisema ini vizuri, maana watu hulitaja
pale tu maneno yanapolikata.
Ini ni mwenye nyumba asiyefukuza.
Mgeni kaja usiku, hana viatu, hapatani na maji;
ini linambandika oksijeni, tena nyingine,
kisha linamshonea koti la glaisini
hata maji yakimwona yanasema, huyu tunamjua,
na figo zinamsindikiza mpaka njiani.
Kesho yake nakinga mkojo chini ya faneli,
napima, namkuta: asidi hipuriki,
mgeni yuleyule, kwa nguo za kwetu.
Wahenga walingoja siku ya tatu ndipo watoe jembe.
Ini halingoji hata saa.

Lakini koti hushonwa kwa uzi, na uzi huisha.

Muda wa saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki,
Jumamosi panya wanapumzika. Imo kwenye itifaki,
ukurasa wa tisa, na kamati ikagonga mhuri.

Kaka yangu Lwitiko anapuliza rangi magari kule Sido.
Julai hii baridi ya Mbeya inabana kama koleo;
wanashusha mlango wa bati, wanaziba nyufa kwa magunia
vumbi lisiguse rangi, vidole visigande.
Alfajiri mpaka taa. Jumapili pia, baada ya ibada,
kama mwenye lori anawahi Tunduma.
Puani kitambaa, kilekile cha kufutia bomba.
Ukurasa wa tisa wake uko wapi?

Jana alikuja kula kwangu.
Sweta lake liliingia kabla yake.
Akacheka, na sijasema la kuchekesha.
Akakaa kwenye kigoda, akayumba kidogo,
akasugua pua.

Mkono wangu ukatafuta kalamu.

Nikamwekea kichupa mezani: asubuhi ukojoe humu, nikapime.
Akasema, dada, unanichanganya na Kumi na Nne wako?
Akaomba kande zaidi, akauliza kama ng'ombe wa mama kazaa.
Niliinuka nikafungua dirisha.
Baridi ikaingia, na moshi wa viazi kwa jirani.
Funga, akasema, tunaganda.
Sikufunga.

Leo nimetoka kwenda kazini, giza halijapasuka,
nikakanyaga kitu kizingitini, kimeviringishwa gazeti.
Kichupa. Kina uvuguvugu bado.
Na ubavuni, kwa rangi nyekundu ya magari,
kwa mwandiko wa mtu aliyeachia darasa la saba:
KUMI NA TANO.