Wako Bado

Jumatano ya Majivu niliapa kwa mbwembwe:
sura nzima kila alfajiri, kabla ya cherehani.
Alhamisi nikasoma. Ijumaa nikasinzia ukurasani.
Jumamosi kitabu kikashinda mezani
na bakuli la maharage juu yake.

Mwaka huu miezi yetu imegongana,
Kwaresima na Ramadhani, bega kwa bega
kama vyumba vyetu hapa Makorora, ukuta mmoja.
Saa kumi alfajiri Bi Mwanamkuu huamka kupasha daku.
Namsikia: kifuniko cha sufuria, kikohozi,
redio iliyopunguzwa sauti kwa heshima yangu.
Siku ya tano nikamwambia, nusu utani,
"Jirani, ukiamka, nigongee."
Hakucheka.

Ngo, ngo, ngo. Kwa mwiko.

Sura nzima nikaiacha. Mistari mitatu yamtosha
mtu ambaye macho yake bado yana tongotongo.
Sina daftari la tafakari, nina la vipimo:
kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na moja,
na chini yake, kwa kalamu ile ile,
mtini usiozaa, na mtunza shamba
aliyeuombea mwaka mmoja na samadi.
Siku nne nilikwama hapo.
Samadi, nikaandika. Samadi yangu mimi ni ipi?

Siku ya kumi na tisa jibu likaja, wala halikunipendeza:
nusu mita ya lesi ya Mama Chausiku,
niliyomwambia imeishia kwenye mikono ya gauni,
imekunjwa vizuri ndani ya droo ya cherehani.
Nikampelekea. Akaipima kwa kiganja,
akanitazama, akaingia ndani.
Asante hakusema. Ningeipokea kwa uso gani?

Kisha mwezi ukaandama. Idd ikapita
na sahani ya pilau dirishani kwangu.
Ilikuwa Ijumaa; nyama nikaitenga, ya kesho.
Nikalala nikijua ukuta umeshamaliza kazi yake,
na mimi najijua.

Ngo, ngo, ngo.

"Bi Mwanamkuu! Si mmeshafungua?"
Sauti ikapenya saruji, nzito kwa usingizi:
"Wangu umekwisha. Wako bado."
Nikasikia kitanda chake kikilalamika,
akigeukia upande wa pili.

Nikapapasa swichi.