Punje

Mwezi wa saba Mbeya, maji ya bomba yanauma kama nyuki.
Nanawa hadi viwikoni, mara ya tatu,
na Dokta Mwaisumo, bila kugeuka, anauliza:
"Leo tunatoboa wapi?"
"Vidole vitatu juu ya sikio."
"Vya nani? Vyako au vyangu?"
Ndivyo alivyonifundisha: kwa swali,
na kwa kimya kirefu baada ya swali.

Mezani amelala Osea Nzunda wa Mbozi, miaka kumi na miwili.
Mkono wa kushoto umekunjamana tangu kiganjani:
kifafa kilimwangusha motoni,
na waliokuwepo wakaogopa povu lake
kuliko walivyoogopa moto.

Picha ya kichwa chake imebandikwa kwenye mwanga.
Vidoa vyeupe. Nilihesabu kumi na saba nikaacha.
Muuguzi Tusekile, mzaliwa wa Kyela, akasema polepole:
"Kama mtu kamwaga mchele."
Tukapitisha mrija, maji ya kichwani yakashuka,
mtoto akaamka anaomba chai.
Wodi nzima ilicheka. Usiku ule nililala kama mfalme.

Wiki ya sita akaletwa dada yake.
Baada ya dada, jirani.
Baada ya jirani nikaanza kulala vibaya.

Kufungua fuvu najua. Keekee naijua kwa mlio:
mfupa ukikaribia kuisha, sauti inalegea,
na hapo ndipo mkono unatakiwa uwe na adabu.
Lakini nilikuwa napiga deki
na bomba limeachwa wazi.

Nikaandika andiko la utafiti usiku, Loleza imejifunika ukungu,
miguu yangu ndani ya soksi mbili mbili.
Likarudishwa.
Likarudishwa tena, wanataka bajeti ya ndoo ifafanuliwe.
Mwaisumo alilisoma amesimama.
"Mkono kama huo," akasema. "Unakwenda kushika nguruwe?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vikopo mia tatu vyenye vifuniko.

Basi nikajikuta Mbozi, magoti kwenye tope la banda,
wanaume wawili wamemkaba, fimbo imemtanua kinywa,
nami napapasa chini ya ulimi wa nguruwe
kwa vidole vile vile.
Zipo. Ngumu kidogo, zinateleza.
"Usiniambie nimuue," mama yake Osea akasema.
"Huyu ndiye ada ya muhula."

Vikopo vyangu vilichekwa hadi kilabuni.
Mzee Simkoko aliuliza kama serikali imeishiwa mbolea,
kisha asubuhi akawa wa kwanza kuleta chake,
amekifunga kwenye gazeti kama nyama ya sikukuu.
Kaya sitini na mbili. Niliandika namba, si majina,
hadubini isimjue mtu.
Mimi niliyajua.

Namba arobaini na moja:
mayai ya duara, ukingo una vistari kama gurudumu.
Nikarudia. Nikahamia dirishani, nikarudia.
Arobaini na moja ndiye anayepika.
Ndiye anayemmegea Osea ugali,
kwa sababu ule mkono wake haukunji tonge.

Hakuna aliyenifundisha pa kukatia hapo.

Dawa yake ni kumeza mara moja, imekwisha.
Neno lake ndilo sijui hata leo kama nililipima.
Nilisema minyoo. Nilisema choo, nikasema mikono.
Nilisema "si kosa lako"
kabla hajauliza kosa.

Alinyamaza kama Mwaisumo.
Halafu akainuka, akaleta birika na beseni,
akanimiminia maji viganjani, taratibu, hadi kwenye kucha,
kisha akanikabidhi birika
nimmiminie yeye.

Viazi vilikuwa vinafuka mvuke.
Nje, ada ya muhula iliguna, ikajigeuza kwenye tope.