Chema Chauzwa

Kazi yangu ilikuwa herufi.
Miaka thelathini na mmoja, Chicopee, Massachusetts,
ghorofa ya pili, dirisha la upande wa mto,
nikishika sindano ya rangi kama mtu atiaye dawa jicho la mtoto,
nilijaza wekundu ndani ya jina LOOMIS FARR
lililochimbwa mgongoni mwa kila fimbo ya gofu.
Herufi kumi. Ile S ndiyo msumbufu:
rangi hukimbilia tumboni mwake, mkia ukabaki mkavu.

Sijawahi kucheza gofu.
Wala Zygmunt Wojtas hakuwahi,
yeye aliyekijua chuma kwa sikio.
Alikigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa, akasema,
"Hiki bado kina usingizi,"
akakirudisha kwenye jiwe la kunolea.
Tulimcheka. Halafu barua zikaja, Ohio, Georgia,
watu wakiapa kwamba fimbo zetu hazidanganyi mkono.
Mzee Farr alizibandika mlangoni mwa choo,
mahali, alisema, ambapo kila mtu husoma.

Chema chajiuza. Ndivyo alivyoamini;
tangazo hakulipia hata moja.
Alikufa Februari, theluji ikiwa magotini.
Kufika Juni wanawe wamelinyoosha neno lake:
chema chauzwa.

Watu wa Dallas walikuja na keki.
Jina letu juu yake, kwa sukari nyekundu,
na S imejaa hadi mkiani, nakiri.
"Hakuna kitakachobadilika," alisema kijana wa viatu visivyo na kamba,
akalirudia mara tatu.
Kama lingekuwa kweli, mara moja ingetosha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tukala keki.

Ilianza sabuni.
Kisha rangi: wakaleta nyekundu iliyo jirani na nyekundu.
Kisha Zygmunt akapewa fomu
ajaze, kwa tarakimu, kile anachokisikia.
Aliiacha mezani wiki nzima, kalamu juu yake,
mwishowe akaandika: *nasikia*.
Wakamwita ofisini. Hakurudi kwenye jiwe lake.

Siku moja makasha yakafika, fimbo zimekwisha andikwa.
Nilipitisha kidole juu ya jina. Laini.
Hakuna shimo, hakuna ukingo,
jina limebandikwa juu ya chuma kama stempu juu ya bahasha.
Nikafunika kopo langu la rangi,
na kwa kuwa hakuna aliyelidai, nikaenda nalo nyumbani.

Baadaye Dallas nayo ikamezwa,
na aliyeimeza alikuwa fundi wa raba za tenisi,
na huyo madeni yakamkaba koo, akatapika.
Ofisi moja ya New York ikaokota jina peke yake.
Haina nyundo ofisi hiyo, haina tanuri;
ina kabati, na ndani ya kabati majina.
Sikujua sheria inaruhusu hilo:
kumchuna mnyama aliyesimama,
ngozi ikaenda sokoni ikitembea yenyewe.

Sasa liko kwenye soksi. Liko kwenye miavuli.
Juzi mjukuu wangu Casimir alininunulia fimbo
kutoka kapu la punguzo, pale dukani, karibu na matairi.
"Bibi, tazama, kazi yako!"
Uso wake uling'aa hivi kwamba sikuweza.
Nikaipokea, nikaigonga kwa ukucha,
nikainamisha kichwa kama Zygmunt.

Haikuwa na usingizi.
Hamkuwa na mtu ndani.

Casimir akaichukua, akaweka mpira kwenye nyasi nyuma ya gereji,
akapiga.
Ulikwenda mbali, lazima niseme.
Ulivuka ua wa akina Duquette, ukavuka barabara,
ulikwenda mbali sana.